Shule ya Urubani wa Helikopta Jeshini: Maswali Ambayo Vijana na Wazazi wa Mombasa Huniuliza

Kila msimu wa usajili wa jeshi ukikaribia, simu yangu haipumziki. Hunipigia kijana wa Likoni, hunipigia mama wa Kisauni, na barazani baada ya Isha hakukosi mzee anayetaka kujua mjukuu wake ataanzia wapi. Nilirusha helikopta jeshini, kisha nikafundisha wengine kuzirusha, na majibu haya nimeyaandika ili asiyenifikia naye asikose.

Mambo ya ndani ya vikosi vyetu sitayagusa, kwa kuwa kiapo nilichokula hakikuisha nilipostaafu. Panapohitaji mfano wa shule yenyewe nitachukua Fort Rucker, Alabama, ambako Jeshi la Nchi Kavu la Marekani hufundishia marubani wake wa helikopta. Taratibu zake ziko wazi kwa kila mtu, na wako watoto wa pwani walioko huko wanaoniuliza habari zake. Kanuni za hewa hazibadiliki kwa kuvuka mpaka.

Shule hii haitafuti shujaa. Inatafuta mtu anayesahihishwa asubuhi akabadilika kabla ya adhuhuri. Usome majibu yote yanayofuata ukijua hilo.

Nikichukuliwa kuwa kuruta, nitafika kwenye helikopta?

Kama rubani, hapana, na hapa ndipo vijana wengi hupotea mapema. Anayerusha ndege za KDF, yaani Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, ni afisa, na njia ya uafisa hupitia ukadeti katika Chuo cha Kijeshi cha Kenya kule Lanet, Nakuru. Makurutu huenda Eldoret. Soma tangazo mpaka mwisho ujue unaomba nini. Kwa makadeti wa kawaida, matangazo ya miaka ya karibuni yametaka umri wa miaka 18 hadi 26 na wastani wa B katika KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, pamoja na alama nzuri za Kiingereza na Hisabati. Masharti hubadilika, kwa hivyo tangazo la mwaka wako ndilo la kushika.

Kuruta naye anaweza kupangiwa ufundi wa ndege. Usiidharau kazi hiyo. Kila siku niliyoruka niliiweka roho yangu mikononi mwa mafundi, na wale wazuri niliwaheshimu kuliko marubani wengi.

Kwa mlioko Marekani: jeshi la huko humpokea mwenye kibali cha ukaaji wa kudumu kama askari, lakini urubani unataka uraia kwanza. Marubani wao wengi wa helikopta ni maafisa wa waranti, ngazi iliyo kati ya askari na maafisa wengine, na kuomba nafasi hiyo hakulazimishi mtu kuwa na shahada ya chuo kikuu.

Kuna mtihani wa kuchuja watu kabla ya kuanza?

Upo kila mahali, kwa sura tofauti. Wa Wamarekani huitwa SIFT. Alama zake huanzia 20 hadi 80, na anayetaka kusonga mbele lazima apate 40. Ukifaulu huruhusiwi kurudia ili uongeze alama. Ukifeli unapewa nafasi moja tu ya kurudia, basi. Ndani yake mna hisabati, ufundi wa mitambo, kusoma na kuelewa, maarifa ya urubani, na maswali ya kutambua maumbo haraka. Kijana akiniuliza asome nini, humrudisha kwenye fizikia ya kidato cha tatu: nguvu, mwendo, shinikizo la hewa. Huko ndiko maswali hutoka.

Navaa miwani. Nimekwisha?

Si lazima. Majeshi mengi huangalia ukiwa na miwani unaona vizuri kiasi gani, na bila miwani umepungukiwa kiasi gani. Kinachowaumiza wengi bila kujijua ni kutotofautisha rangi, maana taa za ndege na za uwanja husema kwa nyekundu, kijani na nyeupe. Kapime macho sasa, kabla hujajenga ndoto juu yake.

Mwili nao hupimwa kwa futi kamba. Kwa Wamarekani, mikono ikinyooshwa kutoka ncha hadi ncha isipungue sentimita 164, urefu wa mguu kutoka kisigino hadi msambani usipungue sentimita 75, na ukikaa, kutoka kitini hadi utosini usizidi sentimita 102. Hakuna ubaguzi hapo. Lazima miguu ifike kwenye pedali na kofia ngumu isigonge paa.

Na kwa kuwa naandika nikiwa Mombasa: miraa na muguka, majani ya kutafuna yanayofukuza usingizi. Kaunti ilijaribu kupiga marufuku muguka Mei 2024 na suala likafika mahakamani. Mabishano hayo nawaachia wenyewe. Mimi naongea habari ya usingizi. Anayekesha akitafuna hawezi kukaa mbele ya mwalimu saa kumi na moja alfajiri akajibu maswali, na mwanafunzi asiyelala huonekana dakika ya kwanza akishika usukani.

Miezi ya mwanzo iko vipi?

Darasa kwanza, na darasa hilo ni zito. Aerodainamiki (jinsi hewa inavyoibeba ndege), hali ya hewa, sheria za anga, mifumo ya ndege, mwili wa binadamu angani. Baadaye siku hugawanyika: nusu darasani, nusu uwanjani.

Wengi hawatarajii mahojiano ya mezani. Kila asubuhi, kabla ya kuigusa ndege, mnakaa na mwalimu meza moja, kwa kawaida wanafunzi wawili kwa mwalimu mmoja. Anauliza: "Taa ya moto imewaka, unafanya nini?" Jibu linatakiwa neno kwa neno, kwa mpangilio wake. Fort Rucker huita mambo haya tano na tisa, kwa sababu sura ya 5 ya kitabu cha ndege ndiyo yenye mipaka ya mashine na sura ya 9 ndiyo yenye taratibu za dharura. Ukikosea mpangilio, huenda siku hiyo usiruke kabisa. Waliosoma madrasa hapa kwetu huingia wakiwa na faida ya wazi: wamezoea kuhifadhi, na wamezoea kusomeshwa mbele ya wenzao bila kuona haya wakirekebishwa. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Yule mwanafunzi mwenzako wa mezani mtunze. Mtaulizana maswali usiku na kushikiliana mmoja akianguka, na anayejificha mwenzake asimpite huishia kubaki nyuma yeye.

Kwa nini kila mtu husema kusimama hewani ndiko kugumu?

Kwa sababu mikono na miguu yote inafanya kazi kwa pamoja, na kila kimoja kinavuruga kingine.

Mkono wa kulia umeshika saikliki, fimbo iliyo kati ya magoti, inayoelekeza ndege mbele, nyuma na pembeni. Mkono wa kushoto uko kwenye kolektivi, mtaimbo wa kando ya kiti unaopandisha na kushusha kwa kubadilisha kwa wakati mmoja pembe ya mapanga yote, yale mabawa yanayozunguka juu ya ndege. Miguu iko kwenye pedali za rota ya mkia, ile feni ndogo ya nyuma. Ukiinua kolektivi kidogo, rota kuu hudai nguvu zaidi, na mwili wa ndege unataka kuzunguka upande wa pili. Inabidi mguu uzuie. Mguu ukizuia, ndege husogea kando. Inabidi mkono wa kulia urekebishe. Ukirekebisha, unapoteza kimo kidogo, na mkono wa kushoto unaitwa tena.

Mwanafunzi mpya huifukuza ndege. Ikienda kushoto anasukuma kulia kwa nguvu, ikirudi inapitiliza, anasukuma tena, na ndani ya sekunde chache tunayumba uwanja mzima mpaka mwalimu aseme, "Niachie." Dawa yake huwaambia watoto wa pwani hivi: ukisimama ndani ya hori dogo hungoji mlalo uwe mkubwa ndipo uuzuie, nyayo zako huuzuia kabla akili haijasema kitu. Macho nayo usiyaweke chini ya pua ya ndege. Tazama mbali, kwenye mti au jengo, na pumua. Mkono wa kulia uegemee pajani, ushike kwa vidole na si kwa ngumi. Nimekuta wanafunzi waliokuwa wakibana fimbo mpaka glavu inaloa jasho.

Inachukua muda, kisha siku moja inakuja yenyewe, na mwanafunzi mwenyewe hushindwa kueleza jana ilikuwa wapi.

Upepo pia ni somo kubwa, na hapa mtoto wa Mombasa anayejua kusi na kaskazi ameshaanza. Helikopta ikiukabili upepo, au ikianza kwenda mbele kiasi cha noti 16 hadi 24 (kama kilomita 30 hadi 44 kwa saa), mapanga hupata hewa safi na ndege hunyanyuka kwa nguvu pungufu kuliko ile ya kusimama hewani. Upepo ukiwa mgongoni msaada huo haupo, na mkia hutaka kugeuka. Rubani mzuri hujua upepo unatoka wapi kabla hajafikiria kutua.

Pwani huficha jambo moja: tuko usawa wa bahari, hewa ni nzito. Mashine ileile ukiipeleka Nanyuki, karibu mita 1,900 juu, na jua la mchana, nguvu iliyokuwa ya ziada huku kule haipo. Ndiyo maana hesabu ya uzito na nguvu hufanywa kabla ya kila safari, hata ile uliyoizoea.

Injini ikizima angani, si tunaanguka tu?

Hapana. Nalifurahia swali hili kuliko yote, kwa sababu jibu lake humtuliza mzazi na humfanya kijana aanze kuipenda fani.

Injini ikifa, rubani hushusha kolektivi mara moja. Mapanga hulala, na hewa inayopita kutoka chini kwenda juu wakati ndege inashuka huendelea kuyazungusha. Hiyo ndiyo otorotesheni. Ndege inashuka kwa kasi, lakini inaongozwa: unachagua kiwanja, unakielekea, unalinda mwendo na mzunguko wa rota. Karibu na ardhi unainua pua ili kupunguza mwendo, unaisawazisha, kisha unatumia nguvu iliyobaki kwenye mapanga kwa kuinua kolektivi na kuigusisha chini taratibu. Nguvu hiyo hutumika mara moja tu. Ukiinua mapema unabaki juu huna kitu, ukichelewa unagonga.

Kutoka futi 1,000 una kama nusu dakika. Kile kitendo cha kwanza, kushusha kolektivi, hakina nusu dakika: mzunguko ukipotea hewani haurudi. Ndiyo maana mwalimu atakukata nguvu bila taarifa, katikati ya mazungumzo mengine kabisa, tena na tena, mpaka mkono ushuke wenyewe.

Mimi nimezaliwa kando ya bahari. Zoezi la majini litanishinda?

Huenda likakushinda, tena kwa sababu unaogelea vizuri. Sikiliza.

Injini na giaboksi za helikopta ziko juu. Ikitua majini, uzito ule huipindua, na waliomo hujikuta kichwa chini, gizani, maji yakiingia puani. Kwa hiyo shule hutumia kibanda mfano wa chumba cha ndege, kinachoteremshwa kwenye bwawa na kupinduliwa mkiwa mmefungwa mikanda. Wapiga mbizi wa usalama wako pembeni. Mnarudia mara kadhaa, na mwisho macho yamezibwa.

Utaratibu ni huu. Kabla ya maji kufika usoni, mkono mmoja unashika kitu kisichosogea karibu na mlango wako, na hauachii. Unasubiri mpaka mwendo wote ukome. Unafungua njia ya kutokea. Ndipo, na si kabla, mkono wa pili unafungua mkanda. Unajivuta nje kwa mikono. Usipige mateke.

Vijana waliokulia wakiruka majini pale ufukweni Mama Ngina, Mombasa, hufanya kinyume chake chote. Wakihisi maji, hufungua mkanda na kupiga miguu kwenda juu. Juu ni wapi, wakati umepinduliwa? Asiye na mkanda huelea ndani ya kibanda na hupoteza mlango. Mateke yake humpata mwenzake wa nyuma usoni. Nimemwona asiyejua kuogelea vizuri akatoka safi mara zote kwa sababu alifuata hatua moja baada ya nyingine, na muogeleaji hodari akatolewa na wapiga mbizi. Basi jifunze kuogelea, ndiyo, maana kuna mtihani wa kuogelea na viatu na sare. Ukifika kwenye kibanda, tabia ya baharini iache nje ya bwawa.

Nikitapika?

Wengi hutapika au hukaribia. Kula kidogo, usiruke na tumbo tupu, beba mfuko, mwambie mwalimu. Kwa walio wengi huisha baada ya safari za mwanzo. Usinywe dawa yoyote kimyakimya. Dawa nyingi za kichefuchefu huleta usingizi, na kumficha daktari wa marubani kunaweza kukutoa shuleni kuliko kutapika kwenyewe.

Kuruka mawinguni na usiku kunatisha kweli?

Kunadanganya, na hilo ni baya zaidi. Ukiwa ndani ya wingu, sikio la ndani hukuambia umenyooka wakati ndege imelala upande. Shule hukuketisha kwenye kiti kinachozunguka, macho yamefumbwa, kisha hukuuliza unazunguka wapi, na utajibu vibaya kwa uhakika mkubwa. Baada ya hapo unaelewa kwa nini miezi inayofuata ni ya kuamini vipimo vya dashibodi, nyingi ya saa zake ndani ya simuleta, mashine ya kuigiza kuruka ukiwa ardhini.

Miwani ya kuonea usiku nayo haigeuzi usiku kuwa mchana. Kwa kawaida unaona duara la nyuzi 40 hivi tu, kwa hiyo kichwa hakitulii, unakizungusha muda wote. Umbali ni mgumu kukadiria, na waya za umeme unaweza kukosa kuziona. Ongeza vumbi. Sehemu kavu kama Garissa, upepo wa mapanga huinua wingu la mchanga wakati wa mita za mwisho kabla ya kutua, na ardhi hupotea. Anayesita katikati ya wingu lile ndiye huumia. Ama unatua kwa mpango ulioupanga juu, ama unaondoka mapema.

Mwezi wa Ramadhani itakuwaje?

Shule haikuulizi dini yako, inakuuliza umelala saa ngapi na umekunywa maji kiasi gani. Ndani ya kofia na sare ya kuzuia moto, kwenye joto la Alabama mwezi wa Julai ambalo mtu wa Mombasa atalitambua, mwili hukauka haraka na akili huchelewa. Ongea na daktari na mwalimu kabla ya mwezi kuandama, ili ratiba iangaliwe mapema. Na umuulize sheikh wako kuhusu ruhusa ya msafiri na kulipa siku baadaye. Usiruke ukiwa na kizunguzungu kisha ukanyamaza. Hilo ni kosa juu ya wenzako mlio nao ndani ya ndege.

Watu hufeli? Nikifeli ndiyo mwisho?

Hufeli, lakini mara nyingi si mara moja. Kila siku unapewa alama, na kila hatua ina mtihani wa hewani na mkaguzi usiyemzoea. Siku mbaya moja ni ya kawaida. Zikifuatana, unaongezewa mafunzo, unabadilishiwa mwalimu, au unarudishwa kwenye kundi linalofuata. Nimewafundisha waliorudishwa nyuma wakawa marubani wa kuaminika mno. Hatimaye wanaotolewa ni wale wanaobishana na kila sahihisho, na wale wanaoficha kosa. Ukigusa kitu, ukizidisha kipimo, sema uwanjani palepale. Fundi atakagua na maisha yataendelea. Ukinyamaza, atakayeipanda ndege ile kesho hajui.

Binti yangu anataka. Niseme nini?

Mwambie aombe. Saikliki haitaki misuli, inataka mkono mwepesi. Mei 2024 Jeshi la Anga la Kenya lilipata mkuu mwanamke kwa mara ya kwanza, Meja Jenerali Fatuma Gaiti Ahmed. Mama zangu na baba zangu, nawasihi: msimkatize binti kwa maneno ya majirani. Atakutana na watu wa kumkatiza wa kutosha huko mbele, nyumbani asikutane nao.

Niambie ukweli, mwanangu atarudi salama?

Mama, siwezi kukuapia. Tarehe 18 Aprili 2024 helikopta ya jeshi ilianguka Elgeyo Marakwet, akafa Mkuu wa Majeshi Jenerali Francis Ogolla pamoja na wenzake tisa, wawili walinusurika. Jenerali Ogolla mwenyewe alikuwa rubani kwa taaluma. Kazi hii ina hatari, na yule anayekuambia haina anakudanganya.

Ninachoweza kukuambia ni kwamba karibu kila somo nililotaja hapo juu lipo kwa sababu kuna watu waliokufa kabla halijaandikwa. Kibanda cha majini, otorotesheni, kitabu cha dharura, mapumziko ya lazima, vyote vimelipiwa. Mwanao akivifuata, amejikinga kwa kadiri mtu awezavyo. Na ujue pia kazi hiyo si vita tu. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipowazingira watu, helikopta za jeshi zilikuwa miongoni mwa zilizokwenda kuwatoa.

Inachukua muda gani, na nitafungwa miaka mingapi?

Fort Rucker, hesabu mwaka hadi mwaka na nusu, wakati mwingine zaidi, maana kuna kusubiri zamu kati ya hatua na hatua. Unaanza kwenye ndege ya mafunzo, kwa miaka ya karibuni UH-72 Lakota, kisha unapangiwa ndege yako: Black Hawk, Apache au Chinook. Baada ya hapo unadaiwa utumishi wa miaka 10, sharti lililoanza Oktoba 2020. Jeshi lolote litakudai miaka, kwa sababu mafunzo ni ghali. Soma mkataba na mzazi wako kabla ya kutia sahihi.

Kuna mtu anasema anaweza kunipitisha kwa pesa.

Ni mwizi. Usajili wa KDF ni bure. Familia zimeuza ng'ombe na viwanja, kijana akafika langoni na barua ya bandia, akakamatwa yeye. Piga ripoti kituoni.

Nimemaliza kidato cha nne juzi. Nianze na nini wiki hii?

Anza na majina yako. Toa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na cheti cha KCSE, viweke mezani pamoja. Pwani tunaandikwa Mohamed hapa, Muhammad pale, Mohammed kwingine, na jina la babu linakosekana kwenye kimoja. Siku ya usajili hakuna wa kukusikiliza ukieleza kuwa ni mtu yuleyule. Kurekebisha huchukua muda mrefu, kwa hivyo nenda ofisi ya usajili sasa, siyo tangazo likitoka. Kisha kapime macho, anza kukimbia alfajiri kabla jua halijachoma, na usome habari za hali ya hewa kila siku ukijaribu kutabiri upepo wa jioni. Ukitoka ofisini na karatasi zako zimekaa sawa, nipigie.